UZI: "Go" siyo kwenda tu. Tukichambue hiki kitenzi cha herufi mbili kinachotuangusha

kalamu_ya_usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeamua nilifungulie uzi wake, maana kila nikipita kwenye mijadala ya Kiingereza nakuta watu wanaulizana mambo makubwa makubwa, kauli ya kutendwa sijui sentensi shurtia, wakati kinachowaangusha ni kitenzi cha herufi mbili. "Go".

Wote tulikutana nacho siku za mwanzo kabisa. Go ni kwenda, come ni kuja, tukaandika kwenye daftari tukageuza ukurasa, hatukurudi tena. Sasa mimi natafsiri yale maneno yanayopita chini ya video, ndo kazi yangu, na miaka kadhaa nyuma hiki kitenzi kilinipiga ngwala mbaya. Jamaa kwenye video anasimulia asubuhi yake, anasema "My alarm went off at five and I jumped out of bed". Nikaandika: "Alamu yangu ilizimika saa kumi na moja nikaruka kutoka kitandani." Saa nilipatia, five ya alfajiri nikaigeuza saa kumi na moja inavyotakiwa. Ila pale kwenye went off niliona off, nikakumbuka switch off, nikaweka ilizimika bila kuwaza mara mbili. Kazi ikarudishwa ina mstari mwekundu chini ya neno moja na swali pembeni: kama alamu ilizimika, huyu mtu kaamshwa na nini?

Alamu ililia. "The alarm went off" ni ililia. Halafu "the lights went off" ni taa zilizimika. Maneno yaleyale mawili, huku kitu kinaanza kupiga kelele, kule kitu kinakufa. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo nikawa kila go ninayokutana nayo naiandika pembeni na sentensi yake nzima.

Nilichokuja kukiona ni hiki. Go haihusu miguu. Go ni kuondoka pale ulipokuwa, iwe ni mahali, iwe ni hali, iwe ni utaratibu uliozoeleka, kutembea ni aina moja tu ya huko kuondoka. Na Kiswahili chetu kinalijua hilo toka enzi, sema hatujawahi kukaa tukakiangalia. Mwendawazimu anakwenda wapi? Mwendazake je? Tukisema "huenda mvua ikanyesha", anayekwenda hapo ni nani? Shati na suruali vikiendana vinaelekea wapi?

Nitashusha kidogo kidogo, mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge.

kalamu_ya_usiku

Nianze na went kwa sababu ndo swali la kila anayeanza. Kwa nini isiwe "goed"? Watoto wa Waingereza wenyewe wakiwa wadogo wanasema goed, wanarekebishwa mpaka wanazoea.

Ukweli ni kwamba went siyo mtoto wa go. Ni wa kitenzi kingine kabisa, "wend", nacho maana yake ilikuwa kushika njia, kuelekea mahali. Send inakuwa sent, lend inakuwa lent, bend inakuwa bent, na wend ikawa went. Kiingereza cha kale wakati uliopita wa go ulikuwa "eode", ikafa taratibu, watu wakaazima went wakaichomeka pale, mpaka leo imekaa. Wend yenyewe imebaki masalia, utaikuta kwenye "wend one's way" basi. Gone ndo ya ukoo wa go wenyewe. Kwa hiyo ukikariri go, went, gone unakariri familia mbili zilizooana.

Na siyo Kiingereza peke yake. Kifaransa kitenzi cha kwenda kinasema "je vais", "nous allons", "j'irai", yaani mizizi mitatu tofauti kwenye kitenzi kimoja. Kihispania "fui" ni nilikwenda na hiyohiyo fui ni nilikuwa, unatambua kwa sentensi.

Sasa geukia nyumbani. Mwambie mtu apike, unasema pika. Asome, soma. Aende? Hatusemi "enda", tunasema nenda. Aje? Njoo. Vitenzi vya kwenda na kuja ndo vimevunja kanuni kwetu pia, na sababu ni hiyohiyo: vinatumika kila dakika, mtoto anavisikia kabla hajajua kama kuna kitu kinaitwa kanuni, kwa hiyo umbo la ajabu halipati nafasi ya kusahaulika. Kitenzi kinachotajwa mara moja kwa mwaka hakiwezi kubaki na umbo la ajabu, watu watakinyoosha tu.

Bint_Sarufi

Uzi mzuri kaka. Naomba unisaidie hapa pa "has gone" na "has been". Mi naandika sana barua pepe za kazi na kila siku najikuta nabahatisha.

kalamu_ya_usiku

@Bint_Sarufi dada yangu hili ni rahisi ukijiuliza swali moja tu: mtu karudi?

"She has gone to London", kaenda na hajarudi, yuko huko au yuko njiani. "She has been to London", alishafika, akarudi, sasa hivi unaweza ukawa umekaa naye meza moja. Kiswahili "ameenda London" inabeba zote mbili mpaka tuongeze "ameshawahi kufika", ndo maana tunachanganya.

Kwa hiyo ukiandika "I have gone to London twice" msomaji anakwama, maana wewe si ndo unamwandikia? Andika "I have been to London twice". Gone kwa mtu anayejizungumzia mwenyewe inakaa vizuri kwenye kikaratasi kilichobandikwa mlangoni, "Gone to lunch", kwa sababu anayekisoma anajua hupo.

mzee_wa_kamusi

Kijana umenena vizuri. Niongeze moja la kihistoria. Hiyo "huenda" uliyoigusa ni hu- ya mazoea pamoja na enda, kama husema, hula. Maana yake mambo huwa yanakwenda hivyo. Taratibu watu wakaacha kusikia mwendo ndani yake, likawa neno la kukisia tu, sawa na labda. Na mwendawazimu ni mwenda wazimu, mtu aliyekwenda wazimu, hadi leo wapo wanaosema "amekwenda wazimu". Kiingereza "he went mad". Hawa hawakufundishana.

Na mwendazake ni yule aliyekwenda zake, marehemu. Waingereza nao wanasema "he's gone" na wewe ndiye unayepima kwa sauti na mahali kama mtu katoka nje au kafariki.

kalamu_ya_usiku

Mzee shikamoo, na ahsante sana, hapo kwa "went mad" ndo penyewe napotaka kwenda.

Wakuu tazameni hizi: go mad, go blind, go deaf, go bald, go bankrupt, go wrong, go missing, go bad. Wazimu, upofu, uziwi, upara, kufilisika, kuharibika, kupotea, kuoza. Sasa tafuta "go healthy" au "go sane", huzipati. Mtu aliyekuwa amechanganyikiwa akirudiwa na akili Kiingereza kinasema "he came to his senses". Aliyezimia akizinduka, "she came round". Ndoto ikitimia, "came true".

Yaani pale panapoonekana ni kawaida, salama, panapotegemewa, ndipo msemaji aliposimama. Kitu kikitoka pale ni go. Kikirudi pale ni come. Ukishika picha hiyo huna haja ya kukariri orodha ya sifa zinazofuata go, utaisikia tu.

Fundi_Maneno

Napinga kidogo mkuu. "Go viral" ubaya wake uko wapi? Watu wanaitafuta usiku na mchana. "Go live", "go free" nazo. Na mzee anazeeka wanasema "grow old" au "get old", siyo go old, kuugua ni "fall ill", kuchoka "get tired". Kama go ni ya mabaya kwa nini hizo hazipo?

kalamu_ya_usiku

@Fundi_Maneno umepiga panapouma na ni haki yako. Nilivyoandika inasomeka kama nimesema go ni ya mabaya. Hapana, ni kutoka kwenye kawaida. Video ya kawaida inaonwa na marafiki zako, ikienda viral imetoka kwenye mipaka yake. Aliyekuwa anashikiliwa akienda free ametoka pale alipofungiwa. Sema mambo mengi yanayotoka kwenye kawaida huwa ni mabaya, ndo maana orodha inaelemea upande huo.

Kwenye grow old, fall ill na get tired nakubali moja kwa moja, hapo ni mazoea ya lugha na picha yangu haifiki. Hizo kariri.

Rangi nazo zimo, usizisahau. "His hair went grey", nywele zimeingia mvi. "She went red", kaiva uso kwa aibu au hasira. Sisi hapo hatutumii kwenda, tunatumia kuingia, kuiva, kugeuka, na mtafsiri anayeweka "alienda mwekundu" amewatesa wasomaji bure.

neno_kwa_neno

Mi naomba "going to". Kuna wakati ni naenda, kuna wakati ni nita. Natofautishaje nikiwa nasikiliza tu, maana wanaongea haraka.

kalamu_ya_usiku

@neno_kwa_neno sikia kinachofuata. Kikifuata kitenzi, ni wakati ujao: "I'm going to buy a book", nitanunua, na inawezekana niko kitandani na simu wala sitainuka. Kikifuata mahali, ni mwendo: "I'm going to the library".

Na kuna kipimo kizuri kuliko vyote, gonna. Waingereza na Wamarekani wenyewe mdomo wao unatofautisha bila wao kujua. "I'm gonna buy a book" inasemwa kila siku. "I'm gonna the library" hutaisikia kwa mtu anayekijua, haipo. Neno likishakuwa la kisarufi linasagika, likibaki la mwendo linabaki zima. Kwa hiyo ukisikia gonna, weka -ta- bila wasiwasi.

Tena hapo kuna kitu kinanifurahisha sana. Kiingereza kina njia mbili kubwa za kusema kesho, will na going to. Going to imetoka kwenye kwenda. Will imetoka wapi? Zamani ilikuwa na maana ya kutaka, na Kijerumani mpaka leo "ich will" ni nataka. Sasa -ta- yetu nayo wataalamu wanasema imetokana na taka. Nataka kula, nitakula. Kifaransa wamechukua njia ya kwenda, "je vais manger". Ni kama binadamu akitafuta namna ya kuitaja kesho anashika kimoja kati ya viwili, au nia yake au safari yake.

Tofauti yenyewe kwenye matumizi: mawingu yametanda unayaona, "it's going to rain", dalili ipo tayari. Simu inaita mezani na wewe umeamua sekunde hiyohiyo kuipokea, "I'll get it". Usiseme "I'm going to get it" hapo, itasikika kama ulikuwa umeshapanga.

Bint_Sarufi

Nimeelewa been na gone kabisa. Sasa hii "go to home", mwalimu alikuwa anatukatalia ila hakuwahi kusema kwa nini.

kalamu_ya_usiku

Kiswahili kinakupa jibu dada. Unaweza kusema "naenda kwenye nyumbani"? Huwezi, kwa sababu ile -ni ya nyumbani tayari imebeba mahali, ukiongeza kwenye umerundika. Home baada ya go inafanya hivyohivyo, imebeba "kwa" ndani yake. Ndugu zake ni there, here, abroad, upstairs. Go home, go abroad, go upstairs, zote bila to.

Halafu ile ya kazi za kujifurahisha, go swimming, go fishing, go dancing, go shopping, nayo haitaki to, "go to swimming" ni kosa tunalolifanya sana kwa sababu kichwani tuna "naenda kuogelea" na ile ku tunaigeuza to. Ila usiipanue kwa kila kitenzi, "go eating" na "go sleeping" hazipo. Kulala ni go to bed ukipanda kitandani, na go to sleep usingizi ukikuchukua, vitu viwili tofauti, unaweza ukafanya cha kwanza saa nne na cha pili saa nane. Na mtu akikwambia "my leg has gone to sleep" mguu wake umekufa ganzi.

School, church, prison na hospital zina lao. "He went to prison" kafungwa. "He went to the prison" kafika pale gerezani, pengine kumtembelea mtu. The inakutoa kwenye shughuli inakuweka kwenye jengo. Hospital Waingereza wanafuata hivyohivyo, Wamarekani wao wanasema "the hospital" hata kwa mgonjwa aliyelazwa.

Fundi_Maneno

Mkuu na "go see" je? Naisikia kwenye muvi za Kimarekani kila saa.

kalamu_ya_usiku

Ipo na ni sahihi kwao, Waingereza wanapendelea "go and see". Ila ina mtego: inakubali pale tu go inapokuwa haijaguswa. Go see him, I'll go see him, let's go see him, sawa. "He goes see", "I went saw", hapana kabisa. Ikishabadilika umbo rudisha and au to.

Na hapo kwenye and na to kuna maana mbili, angalia:

"I went to see him", nilienda kumuona. Hatujui kama ulimkuta.
"I went and saw him", nilienda nikamuona. Ulimkuta.

Ile -ka- yetu inafanya kazi ileile ya and hapo. Nilivyoliona hili nilirudia tafsiri zangu za nyuma nikakuta sehemu kadhaa nilikuwa nimeandika "alienda kumuona" wakati alimuona kweli na waliongea.

neno_kwa_neno

Hizi za vijineno vya nyuma, go on, go through, zimalizie basi, hasa hiyo off iliyokutesa.

kalamu_ya_usiku

Zote siwezi kuzimaliza, nitagusa zinazonijia sana kwenye kazi.

Off: mimi najisaidia hivi. Kengele, bomu, bunduki, hivi vimetegwa, kuna nguvu imezuiliwa ndani. Went off, ile nguvu imeachiwa ikatoka, kwa hiyo kimelia, kimelipuka. Taa na mashine viko kazini, vikienda off vimetoka kazini, vimezimika. Maziwa yakienda off, hiyo ni ya Waingereza zaidi, yametoka kwenye uzima wake, yameharibika. Mtu akienda off kaondoka. Jiulize kila mara hiki kitu kilikuwa katika hali gani kabla, jibu linakuja.

On ni kuendelea, na Kiswahili endelea imetoka enda vilevile. Lakini "what's going on?" usiweke "nini kinaendelea" kila mahali, mara nyingi mtu anauliza tu kuna nini hapa.

With ni kuendana. "That tie goes with the shirt", tai inaendana na shati. Neno kwa neno.

Through ina uzito. "She's going through a lot" ni anapitia mengi, sawa na kwetu. "He went through my bag" ni kapekua begi langu, na hapo watu wanaandika "alipita kwenye begi langu".

Out, moto umeenda out umezimika, "they're going out" ni wapenzi au ni wanatoka tu, sikiliza mazingira. Back on ni kuvunja ahadi, "he went back on his word". Under, biashara imefilisika, picha ni ya kuzama. For, "it went for a high price", kiliuzwa bei ya juu, lakini "the dog went for him" mbwa alimrukia.

Na bila kijineno chochote: "two days to go", zimebaki siku mbili. "It's your go", zamu yako. "They let him go" ni walimuachia, au walimuachisha kazi kwa lugha ya upole, huwezi kutafsiri bila kusoma sentensi ya kabla.

mzee_wa_kamusi

Marahaba kijana. Kama ni kwa idadi ya maana, mwenye taji kwenye kamusi kubwa ya Oxford ni run, wahariri walifikisha maana 645 kwa kitenzi peke yake. Zamani aliyetawala alikuwa set. Siku nyingine mtufungulie uzi wa huyo.

Bint_Sarufi

Kaka nijaribu moja unisahihishe. "I was going to go, but he had already gone." Nimeandika: "Nilikuwa naenda kwenda lakini yeye alikuwa ameshakwenda."

kalamu_ya_usiku

Umejaribu vizuri, go zote tatu umeziona. Ya kwanza siyo mwendo, ni nia iliyokatika, "was going to" karibu kila mara inakwambia jambo halikufanyika. Ya pili ndo kwenda kwenyewe. Ya tatu ni kuondoka, hakuna safari inayotajwa, cha muhimu hayupo. Mimi ningeandika: "Nilitaka niende, ila yeye alishaondoka." Go tatu za Kiingereza, Kiswahili kimetumia vitenzi vitatu, na enda imebaki pale katikati peke yake.